Tanbihi ya 31: kodi inayobishaniwa na mkurugenzi anayepimwa

Tanbihi ya 31 ilikuwa na sentensi nne. Ilikaa karibu na mwisho wa taarifa ya fedha ya mwaka ya kampuni moja, nyuma ya majedwali ya malipo ya uzeeni, na ilieleza kwamba Mamlaka ya Ushuru ya Kenya (KRA) ilikuwa imeikadiria kampuni kodi ya ziada ya miaka minne ambayo, pamoja na adhabu na riba, ilifika shilingi milioni 564. Kwamba kampuni ilikuwa imeyapinga makadirio hayo. Kwamba wakurugenzi, baada ya kupata ushauri wa wataalamu, waliona msimamo wao una nafasi kubwa zaidi ya kukubaliwa kuliko kukataliwa. Na kwamba shilingi milioni 90 zilikuwa zimetengwa vitabuni kwa ajili ya deni hilo. Katika wiki mbili zilizofuata, hisa ya kampuni hiyo katika Soko la Hisa la Nairobi ilishuka kutoka shilingi 41 hadi 36.

Wakati huo nilikuwa mhasibu wa kikundi cha uwekezaji chenye watu 23, wengi wao walimu na wauguzi waliostaafu, kinachokutana Jumamosi ya kwanza ya kila mwezi mtaani South B. Kikundi kilikuwa na hisa 24,000 za kampuni hiyo. Jina lake silitaji, na tarakimu zake nimezigeuza ili isitambulike, lakini uwiano kati ya tarakimu hizo nimeuhifadhi, kwa kuwa hoja yangu yote imo katika uwiano huo. Ni kampuni ya kiwanda, ina kampuni mama ng'ambo, na kila mwaka huilipa kampuni mama ada ya usimamizi na utaalamu. Kampuni ilikuwa ikiihesabu ada hiyo kama gharama ya biashara, hivyo ikipunguza faida inayotozwa kodi ya asilimia 30. KRA ilisema hakuna ushahidi wa kutosha kwamba huduma zilizolipiwa zilitolewa, wala kwamba bei yake ndiyo ambayo watu wasio na undugu wa kibiashara wangekubaliana.

Ubishi wa aina hii si mgeni Nairobi. Mwaka 2005 Mahakama Kuu iliamua kesi ya Unilever Kenya kuhusu bei za mauzo baina ya kampuni dada, ikakubali kwamba, kwa kuwa Kenya haikuwa na kanuni zake, miongozo ya kimataifa ya OECD, Shirika la Ushirikiano wa Kiuchumi na Maendeleo, ingeweza kutumika. Julai 2006 nchi ikapata kanuni zake yenyewe. Tangu hapo swali halijawa tena kama kampuni dada zinaruhusiwa kuuziana huduma. Swali limekuwa ni nani anaweza kuonyesha karatasi.

Kwa msomaji asiyezoea lugha ya wahasibu, inafaa nieleze msimamo wa kodi usio na uhakika ni kitu gani. Kampuni inapojaza ritani yake hufanya maamuzi mengi ya tafsiri: gharama hii inakubalika, mapato yale hayatozwi, ada hii ni halali. Baadhi ya maamuzi hayo mkaguzi wa kodi anaweza kuyakataa miaka mitatu au minne baadaye. Kiwango cha kimataifa kiitwacho IFRIC 23, kilichotolewa Juni 2017 na kuanza kutumika tarehe 1 Januari 2019, kinaitaka kampuni ijiulize kama kuna uwezekano mkubwa mamlaka ya kodi itaukubali uamuzi huo. Na kama haupo, iweke kwenye vitabu kiasi kinachoelekea zaidi kutokea, au wastani uliopimwa kwa uwezekano wa kila matokeo. Kinachonifurahisha katika kiwango hicho ni sharti moja: kampuni lazima ichukulie kwamba mkaguzi atakuja, na kwamba atakuwa na taarifa zote. Hairuhusiwi kuhesabu bahati ya kutokamatwa.

Hata hivyo, sharti hilo linamwachia mkurugenzi jambo zito zaidi, nalo ni kukadiria. Anayesoma tanbihi hawezi kuona mikataba, barua wala rekodi. Anaona tarakimu mbili, 564 na 90, na pengo la shilingi milioni 474 kati yake. Pengo hilo limejazwa na hukumu ya mtu. Kwa hiyo mwekezaji, apende asipende, hujikuta anampima mtu huyo.

Katika mkutano wetu wa Aprili mwenyekiti aliisoma tanbihi kwa sauti mara mbili. Mweka hazina, mama aliyewahi kuendesha duka la dawa kwa miaka mingi, akauliza swali ambalo hadi leo naliona ndilo lililokuwa la maana kuliko yote yaliyosemwa siku hiyo: "Hawa waliotenga tisini, walizipata wapi hizo tisini?" Hakuna aliyekuwa na jibu. Mzee mmoja, mwalimu mkuu mstaafu, akasema kwamba kampuni inayodaiwa nusu ya faida yake ya mwaka na kujibu kwa sentensi nne ama inaficha jambo ama haijui lolote, na kwamba kwake yeye yote mawili ni sababu ya kuuza. Nilipopewa nafasi niliwaomba wasubiri nifanye hesabu. Walinipa wiki moja.

Hesabu yenyewe ilikuwa hivi. Kampuni ilikuwa na hisa milioni 200 na faida baada ya kodi ya shilingi milioni 1,160, yaani shilingi 5.80 kwa kila hisa, kwa hiyo bei ya shilingi 41 ilikuwa karibu mara saba ya faida hiyo. Deni lote la milioni 564, likigawanywa kwa hisa zote, ni shilingi 2.82 kwa hisa. Bei ilikuwa imeshuka kwa shilingi tano. Wenzangu wawili waliona hapo hapo kwamba soko limepitiliza, kwamba hata kampuni ikishindwa kabisa haiwezi kupoteza shilingi tano kwa hisa, na wakataka tununue zaidi.

Walikuwa wamekosea, na kosa lao hulifanya watu wengi. Makadirio ya kodi hutazama miaka iliyopita, lakini hoja yake huendelea kuishi. Kama ada ya kampuni mama haikubaliki kwa miaka minne iliyopita, haitakubalika mwaka huu wala ujao. Katika mwaka wa mwisho uliokaguliwa, kodi iliyobishaniwa ilikuwa shilingi milioni 135. Tukiiondoa kila mwaka kutoka kwenye faida, na kuithamini kwa mara saba zilezile, tunapata takriban shilingi 4.73 kwa hisa. Ukijumlisha na 2.82, hasara ya kushindwa kabisa inakuwa kama shilingi 7.55. Kushuka kwa shilingi tano, basi, kulikuwa sawa na soko kusema: tunadhani nafasi ya kampuni hii kushindwa ni theluthi mbili.

Mfano mkubwa wa jambo hili uko Marekani. Novemba 2020 mahakama ya kodi ya nchi hiyo iliamua dhidi ya Coca-Cola kuhusu miaka ya 2007 hadi 2009, na hatimaye mwaka 2024 kampuni ikalipa takriban dola bilioni 6.0, kodi pamoja na riba, huku ikikata rufaa. Lakini tangu mwisho wa 2020 kampuni yenyewe ilikuwa imewaeleza wawekezaji kwamba njia ile ya hesabu ikitumiwa kwa miaka iliyofuata pia, jumla ingeweza kufika kama dola bilioni 12. Kiasi kilichotengwa vitabuni wakati huo kilikuwa dola milioni 438. Mwekezaji aliyeiona 438 na bilioni 12 katika taarifa moja alipaswa kuamua kama anayaamini maamuzi ya walioziandika. Tofauti na tanbihi yetu ya 31 ni kwamba yeye alipewa pia hesabu ya miaka iliyofuata, pamoja na kurasa kadhaa za maelezo.

Turudi kwenye theluthi mbili. Wakurugenzi walisema wana nafasi kubwa ya kushinda. Soko likajibu kwamba wana nafasi kubwa ya kushindwa. Hapa ndipo ujuzi wa mtendaji unapoingia. Mkurugenzi mkuu alikuwa na miezi 14 tu kazini, na mkurugenzi wa fedha alikuja naye. Hakuna mtu Nairobi aliyekuwa na historia yao ya kukadiria kodi na baadaye kulipa. Aliyemtangulia mkurugenzi mkuu alikuwa ameondoka na sifa ya kuiacha ghala imejaa bidhaa zisizouzika. Wawekezaji walikuwa wakiisoma tanbihi mpya kwa macho ya mtu wa zamani.

Watafiti wamelichunguza suala hili kwa muda. Dyreng, Hanlon na Maydew, katika utafiti wa 2010, waliwafuatilia watendaji 908 waliohama kutoka kampuni moja hadi nyingine nchini Marekani, na wakaona kwamba mtu mwenyewe huathiri kiwango cha kodi cha kampuni, mbali na biashara yake. Mwaka 2012 Demerjian, Lev na McVay walipendekeza njia ya kupima uwezo wa mtendaji pasipo kumwuliza mtu anamwonaje: unaangalia kampuni inapata mauzo kiasi gani kwa gharama, mitambo na rasilimali inazotumia, ukiilinganisha na za sekta yake, kisha unaondoa yale yanayotokana na ukubwa wa kampuni, umri wake, sehemu yake ya soko na mengineyo ambayo si kazi ya mtendaji. Kinachobaki ndicho kinachohesabiwa kuwa uwezo wake. Tafiti zilizoitumia njia hiyo baadaye zilikuta kwamba watendaji wenye uwezo mkubwa huongoza kampuni zinazolipa kodi ndogo zaidi. Kwa mwekezaji matokeo hayo yana pande mbili, kwa sababu kodi ndogo inaweza kuwa fedha iliyookolewa na inaweza kuwa deni lililoahirishwa.

Mwezi Juni kampuni ilifanya mkutano mkuu wa mwaka kwa njia ya mtandao. Maswali yalitumwa mapema, na la mweka hazina wetu lilikuwa miongoni mwake, neno kwa neno kama alivyoliuliza Aprili, isipokuwa nililiongezea heshima kidogo. Mkurugenzi wa fedha alilijibu kwa dakika kama nne. Alisema ada ya mwaka wa kwanza ililipwa kabla ya mkataba kutiwa sahihi, kwamba rekodi za mwaka huo ni dhaifu, na kwamba wao wenyewe hawatarajii kushinda kwa mwaka huo. Shilingi milioni 90 zilikuwa kodi ya mwaka huo, milioni 55, pamoja na adhabu ya asilimia 5 na riba ya asilimia 1 kwa mwezi kwa miezi 58. Kwa miaka mitatu iliyobaki, alisema, wana mikataba, ripoti za wahandisi waliokuja kutoka kampuni mama, na rekodi za saa zao za kazi, zote zilizoandikwa wakati kazi inafanyika.

Nilichukua kikokotoo pale pale. Milioni 55, ongeza 2.75, ongeza 31.9: jumla milioni 89.65. Tisini zilikuwa zimepata mzazi. Mweka hazina alinipigia simu kabla mkutano haujaisha, akasema, "Sasa huyu anajua anachodaiwa."

Naomba nikae hapa kidogo, kwa kuwa ndicho kiini cha kisa. Kilichomshawishi mama huyu si kujiamini kwa msemaji. Watendaji wengi hujiamini, na kujiamini hakuna bei. Kilichomshawishi ni kwamba msemaji alikubali sehemu aliyokuwa dhaifu, akaitenganisha na alipokuwa na nguvu, na tarakimu yake ikakubali kuhakikiwa na mtu mwenye kikokotoo. Sheria ya Taratibu za Kodi ya 2015 inauweka mzigo wa kuthibitisha juu ya mlipakodi. KRA haihitaji kuthibitisha kwamba huduma haikutolewa. Kampuni ndiyo inayotakiwa kuonyesha kwamba ilitolewa. Katika mazingira hayo, mtendaji anayejua mwaka upi una karatasi na mwaka upi hauna amekwisha kukuambia jambo kubwa kuhusu matokeo ya kesi.

Mwezi Agosti yakatoka matokeo ya nusu mwaka. Tanbihi ya kodi ilinakiliwa kama ilivyokuwa Machi, bila neno kuongezwa. Kesi ilikuwa mbele ya Jopo la Rufaa za Ushuru na hakuna kilichoamuliwa. Faida ilikuwa imepanda kwa asilimia 8. Lakini kilichonivutia kilikuwa katika mizania: bidhaa zilizokuwa zikikaa ghalani kwa wastani wa siku 94 sasa zilikaa siku 71, na wateja waliokuwa wakilipa baada ya siku 63 sasa walilipa baada ya siku 52. Nililinganisha na kampuni nyingine mbili za sekta hiyo zilizoorodheshwa; siku zao hazikuwa zimepungua. Mitambo ilikuwa ileile, soko lilelile, wafanyakazi wengi walewale. Ndani ya wiki tatu hisa ikafika shilingi 42.

Je, ni faida tu iliyoipandisha? Kama bei ya kabla ya ubishi, 41, ingepanda kwa asilimia 8 pamoja na faida, ingekuwa shilingi 44.28. Bei halisi ilikuwa 42. Punguzo lililobaki kwa sababu ya kodi lilikuwa kama shilingi 2.28, na ukiligawanya kwa hasara kamili ya 7.55 unapata asilimia 30. Soko lililodhani Machi kwamba nafasi ya kushindwa ni theluthi mbili, Agosti lilidhani ni chini ya theluthi moja, na katika kesi yenyewe hakuna kilichokuwa kimesogea. Hesabu hii ni ya mkono, na mtu anaweza kunibishia kwamba wawekezaji walikuwa tayari kulipa zaidi ya mara saba kwa sababu nyingine. Nakubali. Lakini hata akiipunguza nusu, bado imebaki sehemu ambayo naona haielezeki ila kwa kusema kwamba watu walikuwa wamebadilisha maoni yao kuhusu walioiandika tanbihi.

Katika mkutano wa Septemba mwalimu mkuu mstaafu hakuridhika, na nadhani alikuwa na haki ya kutoridhika. "Ndugu mhasibu," aliniambia, "mtu kupanga ghala vizuri kunahusiana nini na kodi? Na mwerevu wa hesabu si lazima awe mkweli wa hesabu." Sehemu ya pili ya maneno yake sina jibu kamili kwayo. Mtendaji hodari anaweza pia kuwa hodari wa kuficha, na kipimo cha mauzo kwa gharama hakitofautishi uhodari wa aina moja na mwingine. Ndiyo maana jibu la Juni lilikuwa na uzito kwangu kuliko siku za ghalani: mficho hauanzi kwa kutaja mwaka wako ulio dhaifu.

Sehemu ya kwanza, hata hivyo, ina jibu, nami nililitoa kwa mfano wa duka la dawa la mweka hazina. Mwenye duka anayejua kila chupa imeingia lini na imetoka kwa nani hahangaiki mkaguzi anapobisha hodi, kwa sababu daftari alilolihitaji kwa biashara ndilo analoliomba mkaguzi. Kiwanda hakitofautiani naye. Kupunguza siku 23 za bidhaa ghalani kunahitaji mtu aandike kila kinachoingia na kutoka, siku hiyohiyo. Kampuni yenye tabia hiyo ndiyo inayoelekea kuwa na ripoti ya mhandisi aliyekuja Nairobi kwa siku tisa kurekebisha mtambo, yenye tarehe na sahihi. Ubishi wa bei baina ya kampuni dada huamuliwa na karatasi kama hizo. Kwa hiyo mwekezaji anayetazama ghala ili aikadirie kodi hatumii hisia. Anatazama mashine ileile inayotengeneza ushahidi.

Ujuzi huo una mpaka wake. Kama ubishi ungekuwa juu ya maana ya kifungu cha sheria, mathalani kama malipo fulani ni mrabaha au si mrabaha, karatasi hata ziwe nzuri kiasi gani zisingeiokoa kampuni, na sifa ya mkurugenzi isingestahili kupunguza hofu ya mwekezaji hata kwa senti moja. Naliona hili ndilo kosa jipya ambalo kikundi chetu kingeweza kulifanya baada ya Agosti: kumwamini mtu huyohuyo katika ubishi wa aina nyingine.

Kesi haikufika kwenye hukumu. Pande zote mbili ziliomba kwenda kwenye usuluhishi nje ya mahakama, na mwanzoni mwa mwaka uliofuata kampuni ikatangaza makubaliano: ililipa shilingi milioni 131, yaani mwaka wa kwanza wote na sehemu ya mwaka wa pili, na ikakubali kiwango cha ada kilicho chini kidogo, ambacho kinaongeza kodi yake kwa takriban milioni 20 kwa mwaka. Kwa njia ileile ya hesabu, malipo hayo na nyongeza hiyo kwa pamoja ni kama shilingi 1.36 kwa hisa. Mkurugenzi wa fedha alikosea kwa shilingi milioni 41, kwa sababu hakuuona udhaifu wa mwaka wa pili, au aliuona akatumaini. Suluhu moja haitoshi kumthibitisha mtu. Katika daftari letu nimefungua safu mbili kwa kila kampuni tunayomiliki, kilichotengwa na kilicholipwa, na mstari wa kwanza una 90 na 131.

Jambo moja bado linaniuma. Mwezi Aprili, baada ya wiki yangu ya hesabu, wanachama wanane walikuwa wameshachoka kusubiri. Wawili walikuwa na karo ya watoto, mmoja alikuwa na mume hospitalini, na hawakuweza kukaa na deni la milioni 564 lililoelezwa kwa sentensi nne. Kikundi kiliuza hisa 8,000 kwa shilingi 36. Maelezo yale ya dakika nne yaliyotolewa Juni yangetosha nusu ukurasa mwezi Machi. Tarakimu zilikuwapo, mkataba ulikuwapo, hesabu ya 90 ilikuwa imekwisha kufanywa, kwa kuwa bila kufanywa isingeweza kuandikwa. Niliiandikia kampuni barua nikasema hivyo. Taarifa iliyofuata ilikuja na tanbihi ya kodi ya ukurasa mmoja na nusu, yenye jedwali la kila mwaka. Nao watano kati ya wale wanane, fedha zao zikiwa hazijatumika, waliomba zirudishwe sokoni. Hisa ilikuwa shilingi 43. Kila 1,000 waliyokuwa wameuza, baada ya ada za wakala kwenda na kurudi, iliwarudishia hisa 800.